Clementi Yuko Chini ya Nani?

Mashine ilikufa kwa mara ya nne siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, na Clementi akacheka. Hakucheka kwa kujificha, maana mtu yule hakuwahi kuficha ubaya wake hata siku moja. Alisimama mlangoni pa chumba cha kompyuta, mikono kwenye mifuko ya kaunda suti, akacheka mpaka makarani wa chumba cha pili wakatoa vichwa kuchungulia.

"Nilisemaga mimi," akawaambia. "Nilisemaga kazi hii apewe mtu. Nyie mkaniletea huyu."

Huyo "huyu" alikuwa Esta, binti wa miaka ishirini na mitatu, ambaye alikuwa ametoka Dar es Salaam na cheti cha kuandika programu, akapanga chumba Buhare, hapohapo Musoma. Alikuwa amekaa mbele ya kioo cha mashine, mgongo wima, wala hakugeuka. Ukimtazama usoni ungedhani hajasikia kitu. Thubutu! Alisikia kila neno, na kila neno akaliweka.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Mradi wa vijiji ulikuwa umepata kompyuta moja tu, msaada wa wafadhili, ikakaa Musoma katika chumba chenye feni na pazia la bluu, na watu walivua viatu kabla ya kuingia. Kazi yake ilikuwa moja. Fomu za wanavijiji zilizojazwa tangu wakati wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini, watu elfu moja mia nne na kumi na wawili, Esta alikuwa amezichapa zote ndani ya mashine. Sasa programu ilitakiwa ipite mtu mmoja mmoja, imtafutie mkuu wa kaya yake, halafu itoe orodha. Alhamisi wajumbe wangekuja kutoka Bunda, Butiama na Suguti kushuhudia orodha ikitoka. Atakayetoka kama mkuu wa kaya ndiye angepewa hati ya shamba. Asiyetoka, basi, shamba lake lingeingia chini ya mwenzake, na hapo ngoja uone kama utalilima tena.

Clementi alikuwa msimamizi wa takwimu, yaani bosi wa Esta. Na kwa upande wa ukoo alikuwa baba yake mdogo.

Hebu nikueleze chuki hii ilikoanzia, usije ukamwona Esta mkorofi bure. Kule Kabasa, pembeni mwa Bunda, kulikuwa na mwanamke akiitwa Wakuru. Alifiwa na mume bila kuzaa. Kwao, mjane wa namna hiyo hakai akalia maisha yake yote. Akiwa na ng'ombe, anaoa. Wakuru alitoa ng'ombe kumi na wawili zizini kwake, akamwoa binti mmoja jina lake Miriamu, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na nyumba isife. Wenyewe wanaiita nyumba ntobu, na hakuna anayeishangaa isipokuwa wageni. Miriamu akamzaa Esta, na miaka mingi baadaye akamzaa Ryoba. Wote wawili walimwita Wakuru bibi.

Sasa Clementi alikuwa yatima, mtoto wa shemeji yake Wakuru, na Wakuru ndiye aliyemlea toka akiwa na miaka mitano. Alimlisha, akamsomesha mpaka darasa la nane. Kijana akakua akijua kwamba shamba la pamba la mama huyu asiye na mtoto litakuja kuwa lake. Miriamu alipoolewa, hesabu zake zikavurugika, na hakuwasamehe wanawake wale wawili.

Mwaka wa sabini na nne operesheni ilipofika Kabasa, karani wake alikuwa nani? Clementi. Nyumba ya kwanza kuezuliwa ilikuwa ya nani? Ya Wakuru. Tena alipanda juu ya paa yeye mwenyewe, hakutuma mtu. Wakuru akamwomba siku moja tu, atoe mtama uliokuwa ndani. Clementi akajibu kutoka juu, watu wote wakisikia: "Nyumba isiyo na mwanaume siyo nyumba, ni zizi." Mvua ikanyesha alasiri ileile. Esta alikuwa na miaka kumi na mitatu, amekumbatia ungo wa mtama uliolowa. Pale pale, na kamasi zinamtoka, alimwapia Clementi kwamba ipo siku.

Haya, turudi kwenye mashine.

Kila ilipokufa iliandika ujumbe uleule kwamba rundo limefurika. Clementi alidhani ni ugonjwa wa Esta, lakini Esta alijua maana yake. Ndani ya programu kulikuwa na kipande kidogo cha kazi kinachojiita chenyewe. Unakipa mtu, kinauliza: mkuu wako nani? Akitajwa, kinamwendea huyo naye na kumuuliza vilevile, mpaka kifike kwa mtu asiye na mkuu juu yake. Kila kinapojiita, mashine inaweka alama kwenye rundo ili ijue pa kurudia. Kikifika mwisho, alama zinaondolewa moja moja na rundo linabaki tupu. Lakini kisipofika mwisho, rundo linapanda, linapanda, hadi linavamia sehemu nyingine za kumbukumbu. Hapo mashine inazimika.

Mwanzo Esta alidhani nafasi ya rundo ni finyu. Kumbukumbu ya mashine zile ilikuwa kiduchu, ya kugombania. Akabana hapa na pale, akaliongezea rundo nafasi mara mbili, akaigeuza programu upya kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini nzima, disketi zikikwaruza kama panya darini. Akaiwasha. Ikapita mtu wa kwanza, wa pili, wa mia, wa mia tatu, ikamchapa namba 308, Jenoveva wa Kabasa, halafu ikafa. Palepale ilipofia mwanzo, ila sasa ilichelewa kidogo.

Esta akaegemea kiti. Kama shida ni ufinyu, nafasi ikiongezwa unasogea. Hii haijasogea hata mtu mmoja. Tena fikiria mwenyewe: mtu gani wa Mara ana wakuu wa kutosha kujaza rundo lote? Hata jeshini hakuna. Akaelewa kwamba programu haipandi kwenda juu. Inazunguka.

Mchana ule aliongeza mstari mmoja tu: kila kipande kinapojiita, kichape kwanza namba ya mtu kinayemwendea. Akaigeuza tena. Wakati ikigeuzwa alikula furu wa kukaanga na ugali wa muhogo, akanawa mikono vizuri, akarudi. Printa ikaanza kulia, na ilipompita Jenoveva ikachapa:

309. 311. 314. 312. 311. 314. 312. 311. 314. 312.

Ikaendelea hivyohivyo mpaka karatasi ikagusa sakafu, na mashine ikazimika. Esta aliziangalia zile namba tatu zikifukuzana, akazizungushia kalamu. Yeye mwenyewe alikuwa namba 313. Hao walikuwa watu wa kwao.

Jumanne asubuhi alifungua sanduku la fomu za Kabasa. Zote zilikuwa na mwandiko wa Clementi, ule wa kulala upande na mikia mirefu. Fomu ya Wakuru, namba 311: mahali pa mkuu wa kaya, Clementi alikuwa amekataa kumwandika mama mwenyewe, kwa kuwa ni mwanamke. Akatafuta mwanaume ndani ya nyumba, akampata Ryoba, namba 314. Ryoba! Mtoto wa miaka minne wakati ule, anakojoa kitandani, ndiye mkuu wa mwanamke aliyetoa ng'ombe kumi na wawili. Fomu ya Ryoba: kwa kuwa ni mtoto, yuko chini ya mama yake, Miriamu, 312. Na fomu ya Miriamu: alipoulizwa ameolewa na nani, alijibu ukweli wake bila aibu, ameolewa na Wakuru. Clementi akaandika 311 kwa dhihaka, na alama ya mshangao akaweka. Wakuru kwa Ryoba, Ryoba kwa Miriamu, Miriamu kwa Wakuru. Karatasi zilikaa na ujinga huo miaka kumi bila kulalamika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzifuata kwa vidole mpaka mwisho.

Esta alitaka kulifunga sanduku, kisha akasita. Namba ya kwanza kuchapwa baada ya Jenoveva haikuwa ya wale watatu. Ilikuwa 309. Mashine ilifia kwa 309, akitafutiwa mkuu wake. Sasa huyo naye aliingiaje nyumbani kwa Wakuru?

Akaitoa fomu. Namba 309: Clementi. Mkuu wa kaya: Wakuru, 311. Sababu: ananitunza. Na sahihi chini, mikia yake yote.

Alisoma mara tatu. Halafu akakumbuka. Mwaka uleule wa operesheni kulikuwa na njaa, serikali ikagawa mahindi ya njano kwa kufuata kaya. Karani wa operesheni hakuwa na kaya kijijini, hivyo hakuwa na mgao. Clementi akajiandika tegemezi wa mwanamke yuleyule aliyemwezulia nyumba, na kila mgao ukitoka alikuwa wa kwanza kufika, anasaini, anabeba na magunia ya Wakuru, eti anampelekea mama. Mama wa watu alikula mizizi mwaka ule. Na tamaa ilipomjaa tumbo, Clementi hata hakukumbuka kurudi kujifuta.

"Mshenzi wewe," Esta akasema kwa sauti, peke yake mle ndani. Ilikuwa hasira, na kusema kweli sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa furaha.

Siku ile alitengeneza dawa yenyewe. Hakutaka kuziba tundu moja la Kabasa halafu kesho mashine ifie Suguti. Aliandika upya kile kipande ili kikumbuke kila mtu kinayempita. Kikimfikia mtu ambaye kimeshampita, kisimame, kitaje majina ya wanaozunguka, na kiulize mkuu ni nani kati yao. Aliijaribu mara tano, haikuzimika hata mara moja. Akaiweka kwenye disketi ya pili, akaitia mfukoni mwa gauni.

Jumatano Clementi akaja na vitisho vyake. "Kesho wageni wako hapa. Mashine ikizima mbele yao, kazi huna."

"Kosa liko kwenye fomu, baba mdogo," Esta akasema taratibu. "Watu wa namba 311 wanazungukana. Hawana mkuu."

"Mia tatu na kumi na moja ni nani?"

"Bibi Wakuru."

Ungeyaona macho yake! Yaliwaka kama ya mtu aliyeokota pesa. Akavuta kiti, akakaa, sauti ikawa laini. "Sasa hilo nalo ni tatizo? Kaya isiyo na mkuu inawekwa chini ya mwanaume wa ukoo. Mwanaume wa ukoo ni mimi. Mweke 311 chini ya 309, mambo yaishe."

Yaani hati, shamba la pamba, na wanawake wote wa nyumba ile, vyote kwa mpigo mmoja wa kidole. Esta alijua kwamba 309 mwenyewe yuko chini ya 311. Angeweza kumwambia. Neno moja tu lingetosha, na kwa mtu mwingine yeyote angelisema. Kwa huyu alijilazimisha kumpa nafasi moja, ili mbele ya Mungu asije akaambiwa hakumwonya.

"Na wewe mwenyewe, baba mdogo, uko chini ya nani?"

"Mimi?" Clementi akacheka. "Mimi niwe chini ya nani tena? Fanya nilivyokwambia, binti."

"Basi niandikie."

Akaandika. Mtu yule alipenda mno kuandika na kutia sahihi. Namba 311 iwekwe chini ya namba 309, kwa amri yangu. Esta akaibadilisha rekodi mbele ya macho yake, akaacha programu ya zamani ndani ya mashine kama ilivyokuwa. Halafu akaenda stendi, akamtumia bibi yake salamu kupitia konda wa basi la Bunda: kesho uje Musoma, usikose.

Alhamisi saa tatu chumba kilijaa. Wajumbe walivua viatu, wakapanga foleni ukutani. Mwenyekiti wa kamati ya mashamba alikuwa Rafaeli wa Butiama, mwalimu mstaafu, mzee wa maneno machache na miwani iliyofungwa uzi. Wakuru alikaa kwenye benchi pamoja na watu wa Kabasa, fimbo magotini, akiiangalia mashine kama anavyoangaliwa mkwe mpya.

Clementi alihutubia. Akaeleza jinsi alivyojenga kazi ile kwa jasho lake, kisha akabonyeza kitufe mwenyewe, kwa kidole kilichonyooshwa. Printa ikalia, majina yakaanza kutoka, watu wakapiga makofi. Mia. Mia mbili. Mia tatu. Jenoveva, 308.

Halafu kimya. Kwenye kioo: rundo limefurika.

Clementi hakupoteza hata pumzi moja. "Ndugu wajumbe, mmejionea. Huyu binti ameiharibu. Nilisemaga toka mwanzo, watoto wa nyumba zile zisizoeleweka..."

"Mwalimu," Esta akamkatiza, akimgeukia Rafaeli. "Mkuu wangu aliniagiza jambo kwa maandishi. Naomba ulisome."

Rafaeli akasoma, akainua macho. "Hii sahihi ni yako, ndugu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Binti, endelea."

Esta akatoa disketi ya pili, akaichomeka. Majina yakaanza upya. Yalipofika 308 Clementi akafumba macho, na mashine haikufa. Ilichapa mistari mitatu kwa herufi kubwa, na Rafaeli akaisoma kwa sauti ya darasani:

"Mia tatu na tisa, Clementi, yuko chini ya mia tatu na kumi na moja, Wakuru. Mia tatu na kumi na moja, Wakuru, yuko chini ya mia tatu na tisa, Clementi. Mkuu ni nani?"

Watu wakatazamana. Kisha benchi la Kabasa likaanza kuguna. Clementi yuko chini ya nani? Ya Wakuru? Huyu huyu bwana mkubwa?

"Mashine imekosea!" Clementi akapiga kelele.

Esta akaweka fomu ya 309 mezani. Rafaeli akarekebisha miwani. "Mkuu wa kaya, Wakuru. Sababu: ananitunza." Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Mwandiko ni uleule wa amri yako ya jana."

"Kumbe ndiyo yale mahindi ya njano!" mtu mmoja wa Kabasa akadakia. "Anachukuaga anasema anampelekea mama! Wee Clementi wee!"

Kicheko kilichopasuka mle ndani kilitikisa pazia. Watu wa Suguti, ambao hawakumjua Wakuru wala mahindi yake, nao walicheka mpaka wakashikana mabega. Clementi alisimama katikati yao na soksi zake, moja ina tundu kwenye kidole gumba, na Esta akamtazama usoni muda wote. Hakutaka kukosa hata kidogo.

Rafaeli akanyoosha mkono, wakanyamaza. "Mama Wakuru. Mkuu wa kaya yako ni nani?"

"Ni mimi," Wakuru akasema. "Ng'ombe walitoka zizini kwangu. Watoto wanakula kwangu. Sasa awe nani?"

"Andika, binti. Mwongozo wetu hausemi mkuu awe na ndevu."

Esta akaandika 311, mkuu ni yeye mwenyewe. Akabonyeza. Mashine ikapita 309, ikapita 311, ikapita Suguti yote na Butiama, ikafika mtu wa elfu moja mia nne na kumi na wawili, ikasimama salama. Makofi ya safari hii hayakuwa ya kuombwa. Karatasi ya kaya ya Wakuru ikatoka: Wakuru, mkuu, shamba la Kabasa, hati kwa jina lake. Chini yake, tegemezi: Clementi, Miriamu, Esta, Ryoba.

"Mwenyekiti, nitolewe humo," Clementi akasema. "Niandikiwe kaya yangu. Nina mke, nina watoto."

"Kutolewa kunaombwa kwa mkuu wa kaya," Rafaeli akajibu. "Mimi siyo mkuu wako."

Chumba kizima kikamgeukia bibi. Clementi akasogea mpaka mbele ya benchi, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi akatamka: "Mama."

Hapo Esta akashikwa na hofu. Alimjua bibi yake. Alijua jinsi alivyokuwa akilitaja jina la mtu huyu akiota ndoto, jinsi alivyomtunzia shati lake la shule mpaka likaliwa na mende. Akimwita mwanangu sasa, akimwachia, basi yote yamekwenda bure. Tafadhali bibi, akasema moyoni. Usimhurumie. Mara hii moja tu, usimhurumie.

Wakuru akasimamisha fimbo, akamtazama yatima wake.

"Kutoka kwangu hutoki," akasema. "Ukitaka kulima, utakujaga kuniomba. Ukitaka kuoza binti yako, utakujaga kuniomba. Mkeo akitaka kujua chumvi inatoka wapi, mwambie ananitunza Wakuru. Uliandika mwenyewe."

Utaratibu ulitaka kila tegemezi aliyepo atie sahihi mbele ya jina lake. Esta akasaini kwanza, mbele ya 313, kisha akamsogezea Clementi karatasi na kalamu. Mtu mzima yule akasaini. Ile sahihi ya mikia mirefu ilitoka fupi, imejikunja, na tone la jasho likaangukia pembeni yake.

Esta akangoja moyo umuume. Aliwasikia watu wakisema kwamba ukishalipa kisasi unabaki mtupu, unajuta, chakula hakipiti. Akangoja kidogo tena, haki ya Mungu, kwa uaminifu kabisa. Haukuuma. Akapuliza wino ukauke, akaiweka karatasi kwenye faili, akaita kaya inayofuata.